Kisu cha kukunja chenye mshale na mwiba: jeshi gani, mwaka gani, na zana hizi ni za kazi gani?

Kinoo_Kikavu
Wakuu, salaam. Nina kisu cha kukunja hapa mezani nataka tukitambue pamoja. Picha zangu ni hafifu, kwa hiyo nakielezea.

Kikiwa kimefungwa ni sm 9.3, bila kuhesabu kikuku cha kufungia kamba. Bapa lina urefu wa sm 6.4 na upana wa mm 16. Makali yamenyooka kama rula, na mgongo unainama mwishoni ukashuka hadi kwenye makali, hakuna ncha ya kuchomea. Mpini ni mweusi, una miraba midogo midogo kama ganda la nanasi. Zana ni tatu: bapa, kifungua kopo, na mwiba mnene wa duara unaolala mgongoni. Mwisho wa mpini kuna ulimi bapa wa chuma umechomoza kidogo.

Alama kwenye shina la bapa (sehemu isiyonolewa, karibu na mpini): mshale wa mistari mitatu kama unyayo wa kuku. Chini yake herufi zilizobaki ni "S & SON", pengine kulikuwa na herufi nyingine baada ya N, kisha SHEFFIELD. Mwaka ni 19, tarakimu iliyolika, halafu 4.

Maswali: ni cha jeshi gani, tarakimu iliyofutika ni ipi, mwiba ni wa nini, na ule ulimi ni wa nini? Natanguliza shukrani.

Mwana_wa_Ghala
Hicho ni cha jeshi la Uingereza, hapo huna haja ya kukesha. Sheffield ndiyo mji wa visu wa Uingereza, na unyayo wa kuku ni alama ya mali ya serikali yao. Mwiba ni wa kutolea mawe kwenye kwato za farasi. Uzi ufungwe.

Tanga_Baharini
Usiufunge bado mkuu. Hadithi ya kwato inarudiwa kila mahali, lakini tazama umbo. Chombo cha kwato huwa kimepinda kama ndoano na mwisho wake ni butu, ili ukwangue kando ya ile nyama laini ya katikati bila kuichoma. Mwiba wa kisu hiki umenyooka, ni wa duara, na ncha yake ni kali. Ukiusukuma ndani ya kwato na farasi akastuka, umemtoboa. Nani atampa askari kifaa cha kumlemaza farasi wa serikali?

Huo ni mwiba wa kamba. Kamba nene ina nyuzi tatu zilizosokotwa. Ukitaka kuunga ncha mbili bila fundo, unafumua kila ncha, kisha unapitisha kila uzi chini ya uzi wa kamba ya pili, mmoja juu mmoja chini, angalau mara tatu kwa kamba ya katani. Kidole hakiwezi kuinua uzi wa kamba iliyokazwa. Mwiba unaingia, unauzungusha, nafasi inafunguka, unapitisha. Mabaharia wa majahazi wana chombo hichohicho cha mti mgumu au cha pembe.

Mwana_wa_Ghala
Sawa bwana Tanga, lakini askari wa miguu ana jahazi gani?

Tanga_Baharini
Ana hema, ana mizigo ya nyumbu, ana turubai la lori. Kamba ya katani ikilowa fundo linavimba na kukaza mpaka kucha zinang'oka. Unachomeka mwiba katikati ya fundo, unausukuma huku na huku, linalegea. Ukikata kila fundo kwa kisu, baada ya mwezi una vipande vya kamba tu.

Fundi_Viatu_wa_Pili
Mimi nasema ni msharasi mkubwa. Mkanda wa ngozi, hatamu, kamba za begi: vyote vinahitaji tundu jipya. Kinachonitia shaka kidogo ni unene. Msharasi wa kweli ni mwembamba na una pembe au jicho la uzi, unakata ngozi. Mwiba wa duara haukati, unapanua. Kwa hiyo tundu utalitoboa kwanza kwa kitu kingine, au ngozi iwe imelowa. Lakini kwa turubai unafaa sana, kwa sababu unasukuma nyuzi kando bila kuzikata, na tundu halichaniki.

Pwani_Mbili
Na kopo la maziwa mazito? Matundu mawili, moja la maziwa, moja la hewa. Msidharau.

Kipimo_Kwanza
Mjadala wa mwiba hautaisha leo, ngoja nirudi kwenye mwaka. Mtoa uzi ametoa kitu bora kuliko picha: vipimo.

Visu vya Uingereza vya Vita Kuu ya Kwanza vya aina hii ni vikubwa. Vikifungwa vinakaribia sm 12, ni vizito, na kikuku chake mara nyingi ni cha shaba nyekundu. Visu vya Vita ya Pili vilipunguzwa, viko karibu na sm 9 na kidogo. Sm 9.3 inaangukia kundi la pili moja kwa moja. Ulimi bapa mwishoni nao ni wa kundi hilo la pili. Kwa hiyo 1914 itupwe nje, tubaki na 1944.

Ghulamu_wa_Chuma
Polepole Kipimo. Hoja ya ukubwa naikubali, ila kuna watu watasoma uzi huu wakadhani mpini wa miraba ndio unaotofautisha. Hapana. Hata vya vita ya kwanza vina mipini myeusi yenye miraba. Tofauti ni kitu chenyewe. Vya kale ni pembe, au ubao mgumu wa nyuzi zilizoshindiliwa. Vya vita ya pili vingi ni plastiki ya kale iliyouzwa kwa jina la Bexoid, ambayo kikemia ni selulosi asetati.

Namna ya kutofautisha: pembe ina mistari hafifu ndani yake ukiiweka kwenye jua kali, na miraba yake huwa imelika bila usawa. Plastiki ina rangi moja hadi ndani, na mara nyingi imesinyaa, kwa hiyo ukipitisha ukucha kwenye ukingo unahisi chuma kimechomoza kuliko mpini.

Jua_la_Saa_Sita
Njia rahisi zaidi: pasha sindano iwe nyekundu, gusa sehemu iliyofichika. Ikinuka nywele zilizoungua ni pembe, ikinuka vingine ni plastiki.

Ghulamu_wa_Chuma
JUA, TAFADHALI USIMFUNDISHE MTU HIVYO. Mipini mingi ya visu vya zamani ilitengenezwa kwa seluloidi, ambayo ni selulosi naitreti. Hiyo inashika moto kwa kasi ya kutisha. Selulosi asetati ya Bexoid haiwaki vile, lakini ukishajua tayari kuwa ni asetati, sindano ya nini? Na ukiwa hujui, ndiyo maana hasa usiguse kwa moto. Sugua kwa nguvu kwa kidole gumba mpaka pate joto, kisha nusa. Kafuri ni seluloidi. Harufu ya siki ni asetati inayooza. Harufu ya salfa ni mpira uliopikwa na salfa ukawa mgumu. Pembe hainuki kitu cha maana kwa kusugua tu.

Jua_la_Saa_Sita
Nimesikia mkuu, nimeshusha sindano 😄

Kinoo_Kikavu
Nimesugua. Harufu ya siki ipo, ndogo. Chuma kimechomoza kweli ukingoni, kama unene wa karatasi mbili.

Ghulamu_wa_Chuma
Basi ni asetati. Sasa nisikilize kuhusu usafi: asetoni usiisogeze. Ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na thina nyingi za rangi, zinayeyusha plastiki hii na miraba yote inageuka ugali. Usikichemshe pia, mpini utajipinda na ribiti zitalegea. Kisha usikifungie kwenye mfuko wa nailoni. Ile siki inayotoka kwenye plastiki inabaki ndani ya mfuko na kula chuma. Kiweke mahali penye hewa.

Askari_Kanzu_Jijini
Swali la pembeni: hakiwezi kuwa cha Mmarekani? Navyo vina kifungua kopo.

Kipimo_Kwanza
Hakiwezi. Cha jeshi la Marekani kinachojulikana zaidi ni kile kilichotengenezwa kwa masharti yaitwayo MIL-K-818. Mpini wote ni chuma kisichoshika kutu, juu umeandikwa U.S. kwa herufi kubwa, au U.S. MARINE CORPS kwa wale wa majini. Zana ni nne: bapa lenye ncha kama mkuki, kifungua kopo, kifungua chupa chenye bisibisi, na msharasi. Mwiba wa kamba hakina. Watengenezaji ni kama Camillus, Imperial, Western, Ulster na Kingston. Camillus walikuwa wakigonga mwaka kwenye shina la bapa, kwa hiyo hicho ni rahisi, unasoma tu.

Na kwa kuwa najua swali linalofuata: cha Uswisi, Modell 1961, ni mm 93, mpini wa alumini wenye msalaba, hakina mwiba, na tarakimu mbili za mwisho za mwaka zimegongwa chini ya bapa. 65 ni 1965.

Maili_Tisa
Kipimo umenisomea akili. Basi nimalizie: changu kina mpini wa plastiki wa kijani kibichi kilichofifia, tai amechongwa juu, kina msumeno na kizibuo. Hicho nacho?

Kipimo_Kwanza
Ujerumani Magharibi. Tai ni wao. Victorinox wa Uswisi waliwatengenezea Wajerumani kisu cha namna hiyo, mm 108. Kagua: kwenye msumeno, mwisho wake ni bisibisi yenye kifungua chupa, na mgongoni kuna kizibuo na msharasi. Kama maandishi kwenye shina ni ya Victorinox ndicho. Kama hayapo, kuna watengenezaji wengine waliomuuzia mwananchi kisu kinachofanana, na tai pekee hathibitishi kitu.

Lubumbashi_Kwetu
Na huku kwetu vifaa vya zamani vya jeshi vingi vina ABL. Watu wanadhani ni jina la kiwanda. Ni kifupisho cha jeshi la Ubelgiji, kwa Kifaransa na Kiholanzi kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye kisu chenye mwiba asikimbilie kusema Mwingereza kabla ya kutafuta herufi hizo.

Mwana_wa_Ghala
Turudi kwa mzee wetu. Mimi nasema ni cha askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Keya walikuwa Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw. Kabla ya hapo Abisinia (Ethiopia) 1941, Madagaska 1942. Kisu kimerudi na askari.

Kipimo_Kwanza
Huo ni mruko mrefu. Mshale unasema mali ya serikali ya Uingereza. Hausemi mali ya nani zaidi ya hapo. Vifaa vya Jeshi la Wanamaji, vya Jeshi la Anga, hata vya idara zisizo za kijeshi, vyote viligongwa mshale. Kisu kilichotengenezwa 1944 kinaweza kuwa kilitoka ghalani 1950 na kumfikia mtu aliyekuwa bado mtoto vita ilipoanza. Mimi ningeandika kwenye kijikaratasi chake: "Uingereza, Vita ya Pili, mtumiaji hajulikani".

Mwana_wa_Ghala
Kijikaratasi hicho hakiuziki.

Kipimo_Kwanza
Ndiyo maana wauzaji hawakiandiki 😂

Samawati_Nairobi
Kabla hamjaendelea, mtoa uzi aangalie mshale kwa makini zaidi. Mshale mtupu ni Uingereza. Mshale ndani ya herufi C ni Kanada. Mshale ndani ya U ni Afrika Kusini. D mbili na mshale katikati ni Australia. N na Z na mshale katikati ni New Zealand. Na mishale miwili iliyogusana ncha, mpaka inafanana na nyota, maana yake serikali imekitoa kwenye orodha yake na kukiuza kihalali.

Ile ya U nawaambia muitafute sana watu wa Kenya na Tanzania. Waafrika Kusini walipigana huku mara mbili: 1916 chini ya Jenerali Smuts katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na 1940 hadi 1941 wakitokea Kenya kuingia Abisinia.

Kinoo_Kikavu
Mshale ni mmoja, mtupu. Hakuna C wala U. Ila kuna kitu kama mstari mdogo kando yake, sijui ni mkwaruzo.

Samawati_Nairobi
Usikikwangue! Njia ni hii. Zima taa usiku, chukua tochi ndogo, iweke sawa na chuma ili mwanga upite juu ya bapa kwa ubavu, kama jua la saa kumi na mbili jioni linavyoonyesha mabonde shambani. Izungushe taratibu upande mmoja hadi mwingine. Mkwaruzo utaonekana kwenye pembe moja na kupotea kwenye nyingine. Alama iliyogongwa ina kuta pande zote, itaonekana karibu kila pembe.

Tochi isipokutosha, paka unga wa chaki, futa kwa kitambaa kikavu kilichokazwa kwenye kidole, chaki inabaki ndani ya herufi. Au funika kwa karatasi nyembamba, sugua kwa penseli laini iliyolazwa. Fanya mara tano, karatasi tano, kisha zilinganishe. Karatasi moja hudanganya.

Msasa_Mwekundu
Au msasa namba 400 kidogo tu, alama inang'aa mara moja.

Samawati_Nairobi
Inang'aa na kuondoka. Alama iliyolika imebaki na kina cha kama unywele. Kila ukisugua unashusha uso unaoizunguka, na tarakimu anayoitafuta ndiyo iliyo juu zaidi. Jina lako linakuponza mkuu.

Msasa_Mwekundu
😅 Haya, napokea.

Mhunzi_wa_Mtaa
Nami niongeze kwenye alama. Wanaouza visu vya kale wamejifunza kugonga mshale kwenye kisu cha kawaida. Kiwandani alama hugongwa chuma kikiwa laini, kabla ya kutiwa moto na kuzimishwa. Kwa hiyo herufi zina sakafu safi na kingo zilizotulia. Ukigonga chuma kilichokwisha kukazwa, kwanza patasi yako ya alama inaweza kuvunjika, pili kuta za alama zinavimba kando kama tope lililokanyagwa. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye kingo zilizoinuka, tia shaka. Na tazama kutu: alama ya zamani ina weusi uleule ndani na nje. Alama nyeupe ndani ya chuma cheusi imezaliwa juzi.

Askari_Kanzu_Jijini
Na sumaku? Nasikia chuma kisichoshika kutu hakivutwi, kwa hiyo unaweza kujua kama ni cha zamani.

Mhunzi_wa_Mtaa
Hiyo ni ya masufuria. Chuma cha kisu kisichoshika kutu lazima kiweze kukazwa kwa moto, na aina hiyo inavutwa na sumaku vizuri tu. Sumaku itakusaidia kwa kitu kimoja: mabati ya ndani yanayotenganisha zana, na kikuku. Vikivutwa ni chuma, visipovutwa ni shaba. Kutofautisha chuma cha kawaida na kisichoshika kutu, angalia rangi. Cha kawaida kikikaa kinakuwa kijivu cha bluu chenye mawingu. Hiyo si kutu na usiiondoe, inakilinda. Kutu ni ile nyekundu inayobaki kidoleni.

Kinoo_Kikavu
Kikuku hakivutwi. Mabati ya ndani yanavutwa. Bapa lina mawingu ya bluu.

Mwana_wa_Ghala
Kikuku hakivutwi! Shaba! Kipimo, ulisema shaba ni ya vita ya kwanza.

Kipimo_Kwanza
Nilisema mara nyingi. Na kikuku ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilishwa kwenye kisu, ni kipande cha waya mnene tu. Kinoo, tazama ncha zake zilipoingia kwenye mpini. Zimefinywa kwa mashine, au kuna alama za koleo?

Kinoo_Kikavu
Upande mmoja safi. Upande wa pili kuna meno ya plaiz.

Kipimo_Kwanza
Asante. Kuna fundi alipita hapo.

Tanga_Baharini
Au fundi alikirudisha kikuku kilekile baada ya kusafisha. Meno ya plaiz hayasemi kikuku ni cha nani.

Kipimo_Kwanza
Hilo nalo ni kweli.

Herufi_Ndogo
Mimi nimekaa kimya nikitazama "S & SON". Tuhesabu waliotengeneza visu hivi Sheffield. Wostenholm walikuwa George Wostenholm & Son, lakini herufi kabla ya alama ya "&" ingekuwa M. Wade & Butcher hawana SON. Harrison Brothers & Howson hawana. Wanaobaki vinywani ni Joseph Rodgers & Sons na W. Mills & Son. Wote herufi ya mwisho ya jina ni S! Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya ile herufi moja baada ya N. Ipo S ya pili au haipo?

Kama ni Rodgers, kwenye bidhaa zao za sokoni hugonga nyota na msalaba wa Malta, alama yao tangu 1764. Kwenye visu vya serikali usiitegemee, mara nyingi ni jina tu.

Kinoo_Kikavu
Baada ya N kuna kutu iliyochimba. Kama kulikuwa na S, imeliwa.

Herufi_Ndogo
Basi pima nafasi. Maandishi ya namna hii hupangwa katikati. Chukua neno SHEFFIELD, tafuta katikati yake, ambayo ni F ya pili. Chora mstari wima. Kisha tazama "S & SON" imekaa wapi kulingana na mstari huo. JOSEPH RODGERS & SONS ni refu, ile "&" itakuwa mbali sana kulia. W. MILLS & SON ni fupi, "&" itakuwa karibu zaidi na mstari.

Kinoo_Kikavu
"&" iko kulia kwa mstari, kama mm 3. Upana wote wa shina ni mm 14.

Herufi_Ndogo
Mm 3... Upande wangu inanipa Mills. Herufi zikiwa ndogo inaweza kunipa jina zima la Rodgers kwenye mstari mmoja. Ah!

Pwani_Mbili
Herufi_Ndogo ameshika kichwa 😂

Msasa_Mwekundu
Tukiwa tunasubiri: ule ulimi bapa je? Nimeona swali limepitwa.

Mwana_wa_Ghala
Bisibisi. Skrubu za bunduki.

Mhunzi_wa_Mtaa
Bisibisi, sawa, lakini skrubu za bunduki zina mfereji mwembamba. Ulimi huu ni mnene, utaingia kwenye skrubu kubwa kubwa za masanduku na mikokoteni. Ukiulazimisha kwenye mfereji mwembamba unapanda juu na kuharibu kingo. Mimi naona kazi yake kubwa ni kubandua: vifuniko vya makopo ya rangi, misumari iliyochomoza, mbao za masanduku. Una faida moja ambayo bisibisi ya kukunja haina. Haukunjiki mkononi, kwa sababu umetoka kwenye mwili wa kisu chenyewe. Unashika kisu kikiwa kimefungwa na kusukuma kwa uzito wote.

Fundi_Viatu_wa_Pili
Basi tusaidieni na kifungua kopo, maana vijana wanakishika kinyume. Toboa kwanza pembeni kabisa ya mfuniko, ndani ya ukingo. Kile kijino kishike ukingo kwa nje. Inua mpini, shusha, sogeza mm 5 au 6, rudia. Ukisogeza hatua ndefu unaacha vimeno vya bati vinavyokata vidole. Usizungushe kopo lote, acha sm 2 ili mfuniko uinuke kama mlango, usitumbukie kwenye mchuzi.

Maili_Tisa
Kifungua kopo chake kimekaza, nimeona hata mwiba huwa unakaza kwenye visu hivi. Unafunguaje bila kuvunja?

Mhunzi_wa_Mtaa
Kinachovunjika ni springi ya mgongoni, na ikivunjika hakuna duka. Kisimamishe kwenye kikombe chenye mafuta ya taa, viungo tu vizame, mpini ubaki juu kadiri inavyowezekana. Saa 24, mkaidi saa 48. Kisha funga koleo kwa ngozi, shika zana karibu na bawaba, isogeze mm 2 tu, irudishe. Mafuta yatatoka mekundu. Futa, dondoshea mafuta mapya, rudia. Ikifika nusu na kugoma, rudi kwenye kikombe. Usipige nyundo. Usitumie siki, inaondoa kutu na kuondoka na maandishi pia. Mwisho, tone moja la mafuta ya cherehani kila kiungo. Matone matatu ni ya kukusanya vumbi.

Jua_la_Saa_Sita
Na kunoa? Au tukiache?

Mhunzi_wa_Mtaa
Kikiwa cha kuhifadhi, kiache. Kikiwa cha kutumia, bapa la makali yaliyonyooka ndilo rahisi kuliko yote, linalala jiweni lote kwa pamoja. Kwa upana wa mm 16, inua mgongo kama mm 5 na nusu kutoka kwenye jiwe, hiyo inakaribia nyuzi 20. Anza kisiginoni, malizia mwishoni, idadi sawa kila upande. Usinoe katikati tu. Makali yatakuwa na bonde, na bapa kama hili likiwa na bonde haligusi ubao, kila kamba unayokata inabaki na uzi mmoja.

Kinoo_Kikavu
Wakuu, nimefanya tochi na chaki, karatasi tano kama nilivyoelekezwa. Ule mstari kando ya mshale ni mkwaruzo, unapotea. Tarakimu iliyolika: karatasi nne kati ya tano zinaonyesha mstari uliosimama wima upande wa kulia. Kushoto hakuna kitu, ni kutu.

Kipimo_Kwanza
Mstari wima. Basi 5 imetoka, 3 imetoka. Ni 1 au 4. Na 1 nimeshaiondoa kwa ukubwa.

Mwana_wa_Ghala
Umeiondoa wewe, kikuku cha shaba hakijaiondoa.

Kipimo_Kwanza
Ndugu yangu, kisu cha 1914 chenye Bexoid na ulimi bapa, sm 9.3? Kikuku kimoja hakibebi mzigo wote huo.

Ghulamu_wa_Chuma
Mpini nao unaweza kubadilishwa lakini. Ribiti zake zikoje Kinoo, zimelingana pande zote mbili?

Herufi_Ndogo
Kabla ya ribiti, pima kitu kingine. Kutoka 9 hadi mstari wima, na kutoka mstari wima hadi 4 ya mwisho. Kama tarakimu zimepangwa kwa nafasi sawa, 1 itakaa katikati ya pengo. 4 itakuwa imeegemea kulia, kwa sababu mstari wake wima uko upande wa kulia wa umbo lake. Tumia rula ya chuma yenye nusu milimita, siyo ya shule.

Kinoo_Kikavu
Ninayo ya shule tu. Kesho natafuta ya chuma, na ribiti nitazitazama kwa tochi.

Pwani_Mbili
Kesho mlete na jibu la mwiba. Mimi bado niko na kopo la maziwa.